Sura ya 4: Sala Inayolalamika

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, siku ambayo makanisa mengi huanza mwaka mpya wa liturujia kwa mahubiri ya tumaini. Asubuhi hiyo, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo viliporomoka hadi Katesh, mji ulio kwenye barabara ya Babati kwenda Singida, na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Babati nzima ilikuwa na ndugu, rafiki au mteja huko.

Mtu aliyemfukua nduguye kwenye tope aombe nini? Walio karibu naye huwa na jibu tayari: shukuru, usinung'unike, kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo tumeyasikia misibani mpaka yamekuwa kama salamu. Mimi sipingi imani iliyo ndani yake, napinga haraka yake. Yanamfunga mtu mdomo kabla hajasema kilichomkaa moyoni, wakati Biblia yenyewe haimfungi.

Angalia Zaburi. Mjerumani Hermann Gunkel, aliyezipanga kwa aina zake mwanzoni mwa karne ya 20, aliona kuwa maombolezo ya mtu mmoja ndiyo mengi kuliko aina nyingine yoyote. Mwenye kuomba humwita Mungu, humweleza shida yake bila kuipamba, humlaumu hata kwa kuchelewa, kisha hudai asaidiwe. Zaburi ya 13 ni fupi sana, lakini inamuuliza Mungu mara nne atakawia mpaka lini. Halafu ghafla, mwishoni, mtu yuleyule anaimba.

Nini kilitokea hapo katikati? Mwaka 1934 Joachim Begrich, mwanafunzi wa Gunkel, alipendekeza jibu: huenda kuhani hekaluni, akiisha kusikia malalamiko, alitamka neno la faraja kwa niaba ya Mungu, ingawa neno lenyewe halikuandikwa ndani ya zaburi. Si wataalamu wote wanaomkubali. Lakini kuna kisa kinachomuunga mkono, cha Hana katika Samweli wa Kwanza. Mwanamke huyu asiye na mtoto anaomba kwa uchungu, midomo inacheza bila sauti, hata kuhani Eli anadhani amelewa. Anapoelewa, Eli anamwambia aende kwa amani. Hana anaondoka, anakula, na uso wake haukunjamani tena. Mimba hana bado. Hakuna kilichobadilika nyumbani kwake, ila kuna mtu aliyemsikia na kumjibu.

Hapo ndipo penye kiini cha sura hii: faraja ya sala mara nyingi hupitia kinywani mwa mwingine.

Wenyeji wa Manyara, mkoa ulipo Mlima Hanang, wanalifahamu jambo hili kwa njia yao. Wairaqw wana slufay, sala ndefu ya kishairi ambayo mzee huitamka mbele ya mkutano huku waliokaa wakimwitikia. Mzee asiyeitikiwa atakuwa anajisemea tu. Kwa Wakatoliki, nafasi ya kuitikiana iko katika jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa uzito katika mkutano wa umoja wao, AMECEA, wa mwaka 1976. Jirani kadhaa hukutana nyumbani kwa mmoja wao, Neno linasomwa, kisha kila mtu anataja nia yake: mahindi yamekauka shambani, mtoto amerudishwa kwa ada, mume hajapiga simu tangu aende machimboni Mirerani. Wengine wanaitikia. Mtu aliyetaja shida yake kwa sauti hawezi tena kuibeba kama siri, na hiyo peke yake ni nusu ya nafuu.

Kuitikia si kuhubiri. Rafiki zake Ayubu walifanya vema siku 7 walizokaa chini naye wakiwa kimya. Walipoanza kufafanua sababu za mateso yake ndipo walipoharibu.

Na kama ule mgeuko wa kutoka kilio hadi wimbo hauji? Zaburi ya 88 haina mgeuko wowote. Inaanza kwa kilio, inaishia gizani, na waliokusanya Zaburi hawakuiongezea mstari wa kuirembesha. Aliyefiwa akishindwa kuimba, basi waimbe wenzake, yeye akae tu. Wamtazame pia. Akikosa usingizi na hamu ya kula wiki baada ya wiki, au akianza kusema afadhali angekufa naye, wasimwongezee mkesha na mfungo. Wampeleke hospitali. Walutheri wa mkoa huu hawakuona ubishi hapo: Haydom, hospitali yao kubwa, inatibu watu tangu 1955, na sala zinaendelea humo humo. Atakapotoka kliniki na dawa zake, jumuiya ikutane kwake wiki hiyo, atakayetaja nia ataje, na asiyeweza asilazimishwe.