Ruzuku ya vitabu India: Fedha zaokoa lugha, msomaji bado atafutwa

Mei 20, 2025 jijini London, kitabu cha hadithi fupi kilichoandikwa kwa Kikannada, lugha ya jimbo la Karnataka kusini mwa India, kilitwaa Tuzo ya Kimataifa ya Booker. Mwandishi wake, Banu Mushtaq, aligawana pauni 50,000 za Uingereza na mfasiri wake, Deepa Bhasthi. Kabla yake, hakuna kitabu cha Kikannada kilichokuwa kimewahi kushinda tuzo hiyo. Kihindi kilikuwa kimetangulia mwaka 2022 kupitia riwaya ya Geetanjali Shree.

Kitabu hicho, kwa Kiingereza Heart Lamp, kina hadithi 12 zilizoandikwa kati ya mwaka 1990 na 2023. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 30, kabla ulimwengu haujazisoma, hadithi hizo zilikuwa zikiishi miongoni mwa wasomaji wa Kikannada.

Swali ambalo tuzo kubwa hazilijibu ni hili: nani hugharamia vitabu vya lugha zisizo na soko la dunia, vikiwamo vile ambavyo havitafasiriwa kamwe? Nchini India, sehemu kubwa ya jibu ni serikali. Imekuwa ikifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 70, na rekodi yake ina mafanikio na makosa ambayo nchi yoyote yenye lugha nyingi inaweza kujifunza kwayo.

Lugha 22 na zilizobaki nje

Katiba ya India ina orodha ya lugha zinazotambuliwa rasmi, inayoitwa Jedwali la Nane. Mwaka 1950 ilikuwa na lugha 14. Leo zipo 22, baada ya nyongeza za mwaka 1967 na 1992, na marekebisho ya mwaka 2003 yaliyoingiza Kibodo, Kidogri, Kimaithili na Kisantali.

Baadhi ya lugha zinazoitwa za majimbo ni kubwa kuliko lugha za mataifa mengi. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu milioni 97 ambao lugha yao ya mama ni Kibengali, milioni 83 wa Kimarathi na milioni 69 wa Kitamil. Wazungumzaji wa Kikannada walizidi milioni 43, idadi inayokaribia ya wakazi wote wa Uganda.

Lakini katika orodha hiyo hiyo kuna Kibodo chenye wazungumzaji wapatao milioni 1.5, Kimanipuri milioni 1.8 na Kidogri milioni 2.6. Wengi wao wako vijijini. Kwa mchapishaji wa kibiashara, hesabu inakataa mapema.

Sababu ni rahisi. Kuhariri muswada, kuupanga kurasa na kuandaa jalada hugharimu fedha zile zile, ziwe nakala 300 au 3,000. Tuseme kazi hiyo inagharimu rupia 60,000. Kwa nakala 3,000, kila nakala inabeba rupia 20. Kwa nakala 300, kila moja inabeba rupia 200, kabla ya karatasi, wino na faida ya muuza duka. Bei hiyo mkulima au mwanafunzi hawezi kuilipa. Hapo ndipo ruzuku inapoingia.

Milango mitatu ya fedha

Fedha za umma humfikia mwandishi na mchapishaji wa India kupitia milango mitatu: kwenye muswada, kwenye mtambo wa kuchapa, na kwenye rafu ya maktaba.

Chombo kikongwe zaidi katika kazi hii ni Sahitya Akademi, akademia ya taifa ya fasihi iliyozinduliwa Machi 12, 1954. Rais wake wa kwanza alikuwa Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru. Hufanya kazi katika lugha 24, yaani 22 za Katiba pamoja na Kiingereza na Kirajasthani. Kila mwaka hutoa tuzo ya rupia 100,000 katika kila lugha, na tangu mwaka 1989 hutoa pia tuzo za tafsiri. Yenyewe huchapisha na kufasiri, ili kazi ya Kimalayalam isomeke kwa Kipunjabi bila kupitia soko.

Mwaka 1957 ulianzishwa Mfuko wa Taifa wa Vitabu, unaochapisha vitabu vya bei nafuu na kuandaa Maonyesho ya Vitabu ya Dunia ya New Delhi, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1972. Ni mfuko huu uliopewa kusimamia mpango wa waandishi vijana ulioanza mwaka 2021. Katika awamu ya kwanza walichaguliwa waandishi 75 wenye umri chini ya miaka 30. Kila mmoja alilipwa rupia 50,000 kwa mwezi kwa miezi sita akiwa chini ya mwandishi mlezi, kisha akaahidiwa mrabaha wa asilimia 10 kitabu kikitoka.

Kwa lugha ndogo, mlango muhimu zaidi uko Mysuru, Karnataka, kwenye Taasisi Kuu ya Lugha za India iliyoanzishwa mwaka 1969. Mpango wake wa ruzuku huwalenga watu binafsi na vyama vya hiari. Husaidia kuchapa miswada, hununua kwa jumla vitabu vilivyokwisha kuchapwa, na hutegemeza vijarida vya fasihi. Kihindi, Kiurdu, Kisindhi, Kisanskriti na Kiingereza havimo, kwa kuwa vina vyombo vyake. Lugha za makabila zimo.

Sharti hilo la mwisho lina uzito. Kibhili, chenye wazungumzaji zaidi ya milioni 10 kwa sensa ya 2011, hakimo katika Jedwali la Nane. Kisanskriti, ambacho watu wasiofika 25,000 walikitaja kuwa lugha ya mama, kimo tangu mwanzo. Kuingia kwenye orodha hakutegemei idadi ya watu pekee. Kunategemea historia, dini na nguvu za kisiasa. Mpango unaopokea miswada ya lugha zilizo nje ya orodha huziba sehemu ya pengo hilo.

Kisantali kinaonyesha safari inavyoweza kuwa ndefu. Raghunath Murmu alikibunia alfabeti yake, Ol Chiki, mwaka 1925. Lugha hiyo iliingia katika Katiba baada ya takriban miaka 80, na kwa muda mrefu vitabu vyake vilitegemea walimu na vyama vya vijijini.

Vitabu vilivyokosa darasa

Si kila rupia ilifika ilikokusudiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali kuu iliamua kwamba elimu ya juu ihamie kwenye lugha za majimbo. Kila jimbo liliahidiwa hadi rupia milioni 10 za kutengeneza vitabu vya vyuo vikuu. Bodi na akademia za vitabu zikaanzishwa, mojawapo ikiwa Taasisi ya Lugha ya Jimbo la Kerala iliyoanza mwaka 1968. Istilahi za fizikia, uchumi na sheria zikaundwa, na vitabu vikachapwa.

Hata hivyo, uhandisi, tiba na sehemu kubwa ya sayansi viliendelea kufundishwa kwa Kiingereza, na ajira nzuri ziliendelea kudai Kiingereza. Mwanafunzi aliyetaka kuwa daktari hakuwa na sababu ya kununua kitabu ambacho mtihani wake hautakitumia. Serikali ilikuwa imegharamia upande mmoja tu, wa kutengeneza. Upande wa kutumia ulibaki vilevile.

Jaribio hilo sasa limerudi kwa ukubwa zaidi. Oktoba 2022, jimbo la Madhya Pradesh lilizindua vitabu vya mwaka wa kwanza wa udaktari kwa Kihindi. Julai 2024, Tume ya Ruzuku za Vyuo Vikuu ilitangaza mradi wa kuandaa vitabu 22,000 vya kiada katika lugha 22 ndani ya miaka mitano, sawa na vitabu 1,000 kwa kila lugha. Bajeti ya Februari 2025 ikaongeza mpango wa vitabu vya kidijitali kwa shule na vyuo.

Takwimu hizo ni kubwa, lakini kipimo chake ni kile kile cha mwaka 1968: je, kutakuwa na darasa, mtihani na mwajiri wanaokipokea kitabu hicho?

Nguvu ya rafu

Jimbo la Tamil Nadu lilichagua kuanzia upande wa msomaji. Mwaka 1948, likiwa bado linaitwa Madras, lilipitisha sheria ya maktaba za umma, ya kwanza ya aina yake nchini India baada ya uhuru. Sheria hiyo iliweka tozo ya maktaba juu ya kodi ya majengo. Tozo hiyo hununua vitabu, na oda ya maktaba imekuwa nguzo ya wachapishaji wa Kitamil. Anayejua kwamba mamia ya nakala zitanunuliwa hupata ujasiri wa kuchapa mshairi asiyejulikana.

Udhaifu nao uko wazi. Mchapishaji anayeishi kwa oda moja hutetereka oda hiyo ikichelewa. Pia hushawishika kuchapa kile ambacho kamati ya ununuzi hukipenda, hata kama dukani hakiulizwi.

Kerala ilionyesha njia nyingine. Mwaka 1945, waandishi wa Kimalayalam waliunda chama chao cha ushirika cha uchapishaji mjini Kottayam, wakijilipa mrabaha mnono kuliko uliozoeleka kwa wachapishaji wa kawaida. Mwaka huo huo, P. N. Panicker aliziunganisha maktaba 47 za vijijini katika chama kimoja, na vuguvugu hilo likaenea jimbo zima. Serikali ilikuja baadaye kuunga mkono kitu ambacho tayari kilikuwa na wanachama. Huko, fedha za umma zilikuta msomaji ameshakaa mezani.

Anayelipa na anayeandika

Gharama nyingine ya ruzuku haionekani kwenye vitabu vya hesabu. Serikali inayolipa inaweza kutaka kusema kitu.

Agosti 30, 2015, msomi wa Kikannada M. M. Kalburgi, aliyewahi kupata tuzo ya Sahitya Akademi, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Dharwad. Waandishi wengi waliona akademia yao imekaa kimya. Zaidi ya 30 kati yao walirudisha tuzo, wakiwamo Uday Prakash na Nayantara Sahgal. Oktoba mwaka huo akademia ilitoa azimio la kulaani mauaji hayo.

Mwaka uliofuata, Baraza la Taifa la Kukuza Lugha ya Kiurdu, ambalo hununua vitabu kwa jumla, liliwataka waandishi wanaoomba kununuliwa vitabu vyao kutia saini tamko, mbele ya mashahidi wawili, kwamba kitabu hakina kitu kinachopinga sera za serikali au maslahi ya taifa. Waandishi walilalamika kwamba fomu hiyo inageuza ununuzi wa vitabu kuwa udhibiti. Katika lugha ambayo mnunuzi mkubwa ni mmoja, kuukosa ununuzi wake kunaweza kumaanisha kutochapwa kabisa.

Hata mpango wa vijana wa mwaka 2021 ulikuja na mada iliyopangwa: harakati za uhuru na mashujaa waliosahaulika. Awamu ya pili ilipewa mada ya demokrasia. Mada hizo ni za heshima, lakini kijana mwenye riwaya kuhusu deni la baba yake hakuwa na nafasi humo.

Somo kwa majirani wa Kiswahili

Desemba 2021, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, sambamba na Kiingereza na Kifaransa. Azimio hilo halikuja na rafu ya vitabu. Kitabu cha Kiswahili kilichochapwa Dar es Salaam bado ni nadra dukani Bujumbura au Goma, ingawa wasomaji wako.

Nchini Tanzania, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, humpa mshindi fedha na pia nafasi ya kitabu chake kuchapwa na kufika shuleni. Kabla yake, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa wafadhili wa nje ulimhakikishia mchapishaji soko: alichapa nakala 5,000, mradi ukanunua 3,000 kwa ajili ya shule, naye akauza zilizobaki.

Ni kanuni ile ile ya oda ya maktaba ya Tamil Nadu, na ndiyo sehemu ya uzoefu wa India iliyo rahisi zaidi kuigwa. Fedha zinapoanza kwa kuhakikisha nakala zinanunuliwa na kuwekwa mahali watoto na watu wazima wanapozifikia, muswada na mtambo hufuata. Zinapoishia kwenye uchapaji, kitabu hubaki kwenye maboksi.

India inafundisha pia kwamba anayechagua vitabu asiwe yule yule anayesaini hundi. Kamati ya wakutubi, walimu na waandishi, yenye vigezo vilivyotangazwa na muda wa malipo unaojulikana, haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji serikali iliyo tayari kulipia kitabu ambacho huenda isikipende.