Hospitali iliyomfuata majeruhi: Somo la MASH kwa wazazi

MTOTO akikatwa vibaya na kioo au bati, wazo la kwanza la mzazi ni usafiri: apatikane wa kumkimbiza hospitali. Lakini anayevuja damu nyingi hana muda wa kusubiri.

Tatizo hilo ndilo lililowasumbua madaktari wa jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hospitali zenye vifaa kamili zilikuwa mbali na mapigano, na wapo majeruhi waliofia njiani.

Dawa ikawa kuigeuza safari: daktari ndiye amfuate majeruhi. Agosti 1945, vita ikimalizika, jeshi hilo liliidhinisha hospitali ya upasuaji inayohamahama, iliyokuja kujulikana kwa kifupi kama MASH.

Hospitali ya mahema

Mtihani wake mkubwa ulikuwa Vita vya Korea, vilivyoanza Juni 1950. Mwezi uliofuata, MASH ya 8055 ilikuwa imeshatua Korea.

Hospitali kama hiyo ilipangiwa vitanda 60, lakini majeruhi walizidi hata baadaye vikaongezwa hadi 200. Chumba cha upasuaji kilikuwa hema. Mapigano yakisogea, mahema yanakunjwa, vifaa vinapakiwa kwenye malori, safari inaanza upya.

Madaktari wengi walikuwa vijana walioitwa jeshini kwa lazima, baadhi wakiwa hawajamaliza mafunzo ya ubingwa. Pembeni yao walikuwapo wauguzi wanawake waliofanya kazi mchana na usiku.

Hapakuwa na foleni ya nani katangulia. Aliye hatarini zaidi na anayeweza kuokolewa aliingia kwanza. Raia wa Korea na hata mateka wa upande wa pili walitibiwa.

Kuanzia mwaka 1951, helikopta ndogo zilizofungwa machela nje, moja kila upande, zilianza kuwatoa majeruhi milimani ambako gari lingetumia saa nyingi kwa njia mbovu.

Miguu iliyookolewa

Muda huo uliookolewa ulileta faida nyingine. Zamani mshipa mkubwa wa damu ukikatika, madaktari waliufunga tu ili damu isimame, na karibu nusu ya askari hao walipoteza mguu au mkono. Korea, madaktari walianza kuuunga mshipa wenyewe. Waliokatwa viungo wakashuka hadi takribani 13 kwa kila 100.

Vifo navyo vilipungua. Katika majeruhi waliofikishwa hospitali, waliofariki walikuwa takribani asilimia 4.5 katika Vita Kuu ya Pili. Korea ikawa karibu asilimia 2.5.

Daktari mmoja wa MASH ya 8055, Richard Hornberger, aliandika riwaya iliyotoka mwaka 1968 kwa jina la Richard Hooker. Ikazaa filamu mwaka 1970, kisha tamthilia ya televisheni iliyoonyeshwa kuanzia 1972 hadi 1983, muda mrefu kuliko vita yenyewe, iliyodumu miaka mitatu.

MASH ya mwisho, ya 212, haikumalizia kazi vitani. Baada ya tetemeko la ardhi la Oktoba 8, 2005, ilipiga mahema Muzaffarabad, Pakistan, ikahudumia wananchi. Mwaka 2006 hospitali hiyo ilikabidhiwa kwa Pakistan.

Nyumbani je?

Familia haina helikopta, lakini ina aliye karibu. Mtoto akivuja damu nyingi, bana jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi. Kikilowa, ongeza kingine juu yake, usifunue kuchungulia. Kama kuna kitu kimechoma ndani, usikichomoe. Bana pembeni yake. Endelea kubana hadi mfike hospitali, na mfundishe hivyo pia dada wa kazi na kaka mkubwa.

Huenda siku hiyo wao ndio watakaokuwa karibu.