Shavu Lililobonyea Si Hukumu



Siku hizi zipo sindano za kurudisha mashavu. Chembechembe za asidi ya polilaktiki huchomwa chini ya ngozi, nayo huchochewa kutengeneza upya kolajeni, ile protini inayoishikilia ngozi na ambayo hupungua kadiri umri unavyosonga. Uso hujaa polepole, kwa miezi. Wenye fedha huzitumia kuusogeza uzee mbali.

Je, wajua zilianza kwa ajili ya nani? Marekani iliziidhinisha mwaka 2004 kwa watu wanaoishi na VVU waliopoteza mafuta ya usoni. Idhini ya kupunguza mikunjo kwa watu wenye afya ilikuja baadaye, mwaka 2009.

Mwaka huohuo wa 2004, Tanzania ilianza mpango wa kitaifa wa kutoa ARV bure. Mojawapo ya dawa hizo ilikuwa stavudini. Iliokoa maisha ya wengi, lakini kwa baadhi yao iliyeyusha mafuta ya mashavu, mikono na miguu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe hatua kwa hatua.

Sasa fikiria mvuvi wa Msimbati, au mama mkulima wa korosho kule Kilambo, karibu na Mto Ruvuma. Sindano ya mashavu hana fedha nayo. Anachokipata ni macho yetu. Anaingia kanisani, nasi tunanong'ona: "Kakanyaga miwaya." Dawa imemwokoa, macho yetu yanamrudisha kaburini. Na wapo wanaoweza kuacha dawa kwa kuogopa macho hayo.

Kutunza uso si dhambi. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku 5 kabla ya kufariki, Papa Pio XII aliwaambia madaktari wa upasuaji wa maumbile kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa si jema kuu, na kwamba nia ndiyo ya kupimwa. Basi anayetaka tiba hiyo aende kwa daktari aliyesomea, si saluni. Kisha ajiulize anamkimbia nani.

Tazama bibi zetu wa Kimakonde waliochanjwa nembo usoni na kuvaa ndonya mdomoni. Zamani huo ulikuwa urembo wa kujivunia; leo wajukuu wanawacheka. Mizani ya wanadamu hubadilika. Samweli alifundishwa nyumbani kwa Yese kwamba Mungu hutazama moyo, na Isaya alimwona Mtumishi wa Bwana asiye na sura ya kuvutia watu. Ndiye tunayempokea kila Jumapili.

Wiki hii, katika jumuiya yako, yupo ambaye uso wake umebadilika, kwa uzee au kwa maradhi. Usimwulize, "Mbona umekwisha hivyo?" Mpe mkono, mwulize habari za nyumbani, mpishe akae karibu nawe. Kama anatumia dawa, mtie moyo asiache.

Jumapili njema.