Mfupa Umeunga: Je, Mguu Umepona?

Mashariki ya mji wa Singida, kuelekea mpaka wa Mkoa wa Dodoma, uko msitu wa miyombo wa Mgori, wenye ukubwa wa takriban hekta 40,000. Mwaka 1995 vijiji vitano vilivyo kando yake, yaani Pohama, Ngimu, Mughunga, Unyampanda na Nduamughanga, vilianza kuulinda vyenyewe, na ulinzi huo ulikuwa wa kutembea kwa miguu juu ya mawe na kuvuka makorongo makavu. Wengine huingia msituni kurina asali, na mrina asali hana budi kupanda mti ili kuufikia mzinga. Katika nchi ya namna hiyo, ambako wengi huvaa katambuga zilizokatwa katika tairi la gari, kifundo cha mguu ndicho kinachoamua kama mtu ni wa kazi au ni wa kukaa barazani. Jiwe likibingirika chini ya unyayo, au tawi likikatika, mifupa ya kifundo huweza kuvunjika kufumba na kufumbua.

Majeruhi akishafanyiwa upasuaji na kuwekewa vyuma, swali lake la kwanza ni lini atarudi katika shughuli zake. Jibu lililozoeleka ni kwamba atarudi mfupa ukishaunga. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu tu ya jibu. Nusu iliyosahauliwa ndiyo inayowaangusha wengine kwa mara ya pili, na ndiyo inayowaacha wengine wakichechemea miaka mingi ijapokuwa picha ya eksirei inaonyesha mfupa ulioungana vizuri.

Ili kuelewa sababu yake, yafaa kukitazama kifundo jinsi fundi seremala anavyoitazama kazi yake. Mfupa mkubwa wa muundi na mfupa mwembamba ulio kando yake hushuka pamoja, na ncha zao ndizo yale manundu mawili yanayotokeza upande wa ndani na wa nje wa kifundo. Baina ya ncha hizo umechomekwa mfupa mmoja wa mguu, ambao wataalamu huuita talasi, kama ulimi wa ubao unavyochomekwa katika tundu lake. Kano imara huifunga mifupa hiyo mitatu isiachane. Muungano huu hauna nafasi ya kuchezacheza. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Ramsey na Hamilton, walichapisha vipimo vyao vilivyoonyesha kwamba talasi ikisogea upande wa nje kwa milimita 1 tu, eneo la mgusano katika kiungo hupungua kwa asilimia 42. Majaribio ya baadaye yamepunguza ukali wa takwimu hiyo, kwa kuwa katika mguu ulio hai kano zilizosalia huweza kuirudisha talasi mahali pake. Hata hivyo kanuni yenyewe haijatenguka. Mzigo ule ule ukibebwa na asilimia 58 ya eneo la awali, kanieneo huongezeka mara 1.7 hivi, na gegedu inayofunika ncha za mifupa huanza kulika.

Mzigo huo si mdogo. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuukadiria kwa kanuni ya nyenzo. Mtu mwenye uzito wa nyutoni 600 asimame kwa mguu mmoja juu ya vidole. Umbali kutoka sehemu ya unyayo inayogusa ardhi hadi katikati ya kifundo ni kama sentimita 15, na umbali kutoka hapo hadi kano kubwa ya kisigino ni kama sentimita 5. Basi kano hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu ya nyutoni 1,800, na kiungo hubeba jumla ya nyutoni 2,400, yaani mara nne ya uzito wa mwili. Huyo ni mtu aliyesimama tu. Anayekimbia au kuruka korongo huzidisha sana hesabu hiyo.

Kwa sababu hiyo, kazi ya daktari wa mifupa ni kuirudisha ile milimita. Percivall Pott, mpasuaji wa London aliyevunjika mguu yeye mwenyewe mwaka 1756, aliandika maelezo mashuhuri juu ya mivunjiko ya kifundo, lakini zama zake hakukuwa na eksirei wala dawa ya usingizi, na kufungua kiungo kulikuwa karibu sawa na kumuua mgonjwa. Upasuaji wa mabamba na parafujo ulienea baada ya mwaka 1958, wakati kundi la wapasuaji wa Uswisi lilipoungana kutengeneza vifaa na kanuni za kuvitumia. Katika Tanzania upasuaji wa aina hii umefanywa kwa miaka mingi katika hospitali kubwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa mwaka 1996. Na kwa watu wa upande wa Singida, hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 katika nchi ya Mbulu, imekuwa kimbilio la karibu zaidi kuliko Dar es Salaam.

Hata hivyo si kila mvunjiko wa kifundo huhitaji kisu. Ncha ya mfupa wa nje ikivunjika peke yake, huku kano za ndani zikiwa nzima, kiungo hubaki imara na mfupa huunga kwa kufungwa tu. Hapa ndipo penye siri ya sifa za waganga wengi wa jadi wanaounga mifupa: wamewatibu watu ambao wangepona kwa tiba yoyote ya utulivu. Hatari huja pale banzi zinapokazwa juu ya mguu unaoendelea kuvimba hata damu isipite, au pale mganga anapoupokea mvunjiko wa namna ya pili, ule uliotengua kiungo, na kuutendea kama wa kwanza. Kwa macho tu, miguu hiyo miwili iliyovimba yaweza kufanana.

Jambo jingine huwashangaza ndugu wa mgonjwa. Kiungo kilichotenguka hurudishwa mahali pake upesi iwezekanavyo, lakini upasuaji wenyewe huenda ukangoja juma moja au mawili. Huo si uzembe. Ngozi ya kifundo ni nyembamba na haina nyama chini yake, na ikikatwa ingali imevimba huweza kushindwa kufunga. Daktari husubiri mpaka mikunjo midogo ya ngozi ionekane tena.

Baada ya hapo mfupa hufanya kazi yake. Mfupa usiofungwa kwa chuma huanza kwa damu iliyoganda, kisha katika majuma ya mwanzo hujengeka tishu laini kuzunguka ufa, na tishu hiyo hugeuka kuwa mfupa mgumu kwa kadiri ya majuma 6 hadi 12. Mfupa uliobanwa sawasawa kwa bamba huweza kuunga moja kwa moja pasipo kuota nundu. Bamba, basi, haliuharakishi mfupa. Hulinda umbo lake wakati ukijiunga. Tumbaku huuchelewesha, na ugonjwa wa kisukari huongeza hatari ya kidonda kuoza. Maziwa, dagaa na kunde vinafaa kwa kuwa mwili unahitaji protini na madini, si kwa kuwa vina muujiza wowote.

Zamani majeruhi alikatazwa kukanyaga kwa majuma 6 baada ya upasuaji. Utafiti mkubwa wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2024, uliwalinganisha wagonjwa walioruhusiwa kukanyaga baada ya majuma 2 na wale waliongoja majuma 6, na haukuona kwamba waliotangulia walipata matokeo mabaya zaidi. Uamuzi hubaki wa mpasuaji aliyeuona mfupa, maana mivunjiko mingine haikuhusika katika utafiti huo. Lakini mwelekeo uko wazi: mguu ukikaa mno bila kazi nao hupata madhara yake.

Madhara hayo ndiyo ile nusu ya pili. Majuma 6 ndani ya plasta ngumu, ile iitwayo hogo mitaani, hupunguza misuli ya nyuma ya muundi hata tofauti ikaonekana kwa macho. Utando wa kiungo hukakamaa. Zaidi ya hayo, katika kano na misuli mna ncha za mishipa ya fahamu zinazoujulisha ubongo jinsi unyayo ulivyolala, hata gizani. Mwaka 1965 Freeman na wenzake wa Uingereza walieleza kwamba kifundo kilichoumia huteleza mara kwa mara kwa sababu taarifa hizo zimevurugika, na kwamba mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba hupunguza tatizo hilo. Eksirei haionyeshi jambo hili hata kidogo.

Wachezaji wa kuteleza juu ya theluji huko Ulaya na Marekani wanatoa mfano mzuri, ingawa theluji ya kudumu ya Tanzania iko kileleni mwa Kilimanjaro tu. Hadi miaka ya 1950 walivaa viatu laini vya ngozi, na kuvunjika kifundo kulikuwa jambo la kawaida kwao. Tangu miaka ya 1960 vikaja viatu virefu vya plastiki ngumu visivyoruhusu kifundo kupinda kwenda kando. Mivunjiko ya kifundo ikapungua sana, lakini nguvu ya msokoto haikutoweka. Ilipanda juu, na majeraha ya muundi na ya kano za goti yakachukua nafasi. Mchezaji aliyepasuliwa kifundo hurudi katika mchezo huo akiwa amekingwa na kiatu, na bado aghalabu hushauriwa kungoja miezi mingi, mara nyingine mpaka msimu unaofuata. Mrina asali wa Mgori hana kiatu cha kumkinga. Naye akirudi na kifundo kilichokakamaa, kifundo hicho chenyewe humfanyia kazi kama kiatu cha plastiki: mwendo uliokosekana hapo hutafutwa katika goti, nyonga na kiuno, na baada ya muda maumivu huanza huko.

Kipimo kigumu kwa mkulima wala si kukimbia. Kutembea mahali tambarare kunahitaji muundi uinamie mbele ya unyayo kwa nyuzi 10 hivi. Kuchuchumaa hadi chini huku visigino vikigusa ardhi kunahitaji zaidi ya mara mbili ya hizo. Choo cha shimo, kupalilia vitunguu, kuwasha moto wa mafiga, vyote vinadai kuchuchumaa. Mgonjwa anayetembea vizuri mbele ya daktari, katika sakafu ya saruji, huenda asiweze kujisaidia kwa heshima nyumbani kwake, naye kwa haya hatalisema hilo mpaka aulizwe.

Darasani mwalimu anaweza kuonyesha vipimo vitatu kwa wanafunzi wenye miguu mizima. Cha kwanza, mwanafunzi aelekee ukuta, aguse ukuta kwa goti bila kuinua kisigino, kisha arudishe mguu nyuma kidogo kidogo hadi goti lishindwe kufika. Umbali wa kidole gumba hadi ukutani hupimwa kwa rula. Wengi hupata sentimita 10 au karibu na hapo. Kilicho muhimu ni tofauti kati ya mguu wa kulia na wa kushoto. Cha pili, ainue kisigino kwa kusimama kwa mguu mmoja na kuhesabu. Mtu mzima mwenye afya hukadiriwa kuweza mara 25 hivi. Cha tatu, asimame kwa mguu mmoja akiwa amefumba macho, mwenzake akiwa tayari kumdaka. Kuyumba kunakotokea mara moja ni somo la kutosha kuhusu kazi ya macho na ya mishipa ya fahamu. Aliyevunjika asijaribu hata kimoja kabla ya kuruhusiwa na tabibu wake. Akisharuhusiwa, vipimo hivyo hivyo huwa mazoezi yake na huonyesha maendeleo yake.

Kuhusu muda, yafaa kutenganisha kazi na kazi. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 uliona kwamba aliyepasuliwa kifundo cha kulia hurudia wepesi wake wa kukanyaga breki ya gari baada ya majuma 9. Mwendesha bodaboda, ambaye breki yake ya nyuma iko mguu huo huo, anapaswa kulizingatia hilo. Nafuu kubwa ya kutembea hupatikana katika miezi 6 ya kwanza. Baada ya hapo maendeleo ni ya polepole, na mguu kuvimba jioni hata mwaka ukishapita si ajabu. Kukimbia, kuruka na kupanda miti huja mwisho, wakati mguu uliopasuliwa unapokaribia kulingana na mwenzake katika vipimo, si wakati kalenda inaposema.

Katika mazungumzo kama haya hutajwa John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaendelea mpaka mwisho. Ushujaa wake hauna shaka. Linalotajwa mara chache ni kwamba miezi 21 baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka 1970, alishika nafasi ya 5 katika mbio hizo hizo. Mwanafunzi wa sayansi ana mengi ya kuuliza juu ya miezi hiyo 21 kuliko juu ya kilomita za mwisho za Mexico.

Hubaki suala la vyuma. Mabamba hutengenezwa kwa chuma cha pua au titani, na mwili huyavumilia, kwa hiyo si lazima yatolewe. Hutolewa yakileta maumivu, yakiingiliwa na vijidudu, au yakisuguliwa na kiatu, jambo linalowasumbua watelezaji wa theluji na vilevile wanaovaa mabuti ya mpira shambani, kwa kuwa bamba la upande wa nje liko chini ya ngozi tu. Yakishatolewa, matundu ya parafujo huudhoofisha mfupa mpaka yajae mfupa mpya, na kwa majuma kadhaa mrina asali huyo hutakiwa kumwachia mwenzake kazi ya kupanda.