Oili ya Giaboksi ya Otomatiki: Kwa Nini Kumwaga Mara Moja Hakutoshi

Leo tuanze na hesabu. Tuseme giaboksi ya pikapu yako ya otomatiki inabeba oili lita 10. Umeingia chini ya gari, umefungua nati ya kumwagia, zimetoka lita 4. Umerudishia lita 4 mpya, umefunga, umenawa mikono. Je, umebadilisha oili?

Wengi watasema ndiyo. Ukweli ni kwamba umebadilisha asilimia 40 tu. Lita 6 chakavu bado zimo ndani, na dakika chache baada ya kuwasha gari zitakuwa zimeshachanganyika na zile mpya ulizonunua kwa hela yako.

Kwa mtu wa Handeni au Korogwe hili siyo jambo dogo. Pikapu huku ni chombo cha kazi: leo inabeba machungwa, kesho magunia ya mahindi, keshokutwa inapeleka mgonjwa hospitali. Giaboksi ya otomatiki ikifa, kuifufua ni gharama inayoweza kumfanya mwenye gari aliache chini ya mwembe miezi kadhaa. Kwa hiyo tuangalie sayansi yake kwanza, halafu tuone namna ya kuifanya kazi hii nyumbani kwa akili.

Oili hii inafanya kazi gani?

Kwenye gari la manyuo, oili ya gia kazi yake kubwa ni kulainisha. Kwenye otomatiki mambo ni tofauti kabisa. Oili, ambayo madukani wengi huiita haidroliki, ina kazi nne kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni kupitisha nguvu. Chukua feni mbili, uzielekezanishe, kisha washa moja. Upepo wa ile iliyowashwa utaizungusha na ya pili, ingawa hazijagusana. Kati ya injini na giaboksi kuna kitu kinaitwa toki konveta kinachofanya hivyohivyo, ila badala ya upepo kinatumia oili. Ndiyo maana gari la oto linaweza kusimama kwenye taa likiwa kwenye D bila kuzimika.

Ya pili ni kubana klachi. Ndani ya giaboksi kuna mafungu ya sahani za klachi. Gia inapobadilika, oili yenye shinikizo huelekezwa kwenye fungu fulani na kulibana. Anayeielekeza ni valvu bodi, bamba la alumini lenye vijia vyembamba vilivyopindapinda kama njia za mchwa kwenye kichuguu.

Ya tatu ni kulainisha, na ya nne ni kubeba joto. Oili hutoka kwenye giaboksi, hupita kwenye mpira hadi kwenye kipoozeo, ambacho kwa magari mengi kimo ndani ya rejeta, kisha hurudi.

Hapo kuna kazi ngumu kwa wanakemia: oili iteleze vya kutosha ili vyuma visilike, lakini isiteleze kupita kiasi, maana sahani za klachi zinatakiwa zishikane. General Motors walipoleta giaboksi ya otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, Hydra-Matic, mwaka 1939, suala hilo lilikuwapo tayari. Kwa miaka mingi moja ya viungo vilivyowekwa ndani ya oili ili kurekebisha mshikano huo ilikuwa mafuta ya nyangumi! Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikabidi watengeneze kemikali mbadala. Kwa hiyo unaponunua oili, unanunua kiwango maalumu cha mshikano. Rangi nyekundu ni ya kupaka tu, ili isichanganywe na oili ya injini. Haisemi lolote kuhusu ubora.

Joto ndilo linaloiua

Twende barabarani. Kutoka Mombo, wilayani Korogwe, hadi Lushoto unapanda karibu mita 1,000. Chukua pikapu yenye mzigo, jumla tani 3. Kuinyanyua hadi huko kunahitaji nishati ya kilojuli kama 29,400. Tuseme sehemu moja ya kumi ya nishati hiyo inapotea kwenye toki konveta kwa sababu gari linapanda polepole na zile "feni" mbili hazizunguki kwa kasi sawa. Hizo ni kilojuli 2,940, na zote zinaishia kwenye oili kama joto.

Lita 10 za oili zina uzito wa kilo 8.5 hivi, na kuzipandisha nyuzijoto moja kunahitaji kilojuli kama 17. Gawanya. Kama kusingekuwa na kipoozeo, mlima huo mmoja ungeipandisha oili zaidi ya nyuzi 150 juu ya pale ilipoanzia. Umeona kwa nini rejeta iliyoziba matope inaua gia, siyo injini tu?

Sasa, oili ikipata joto huliwa na oksijeni. Kanuni ya haraka ya wanakemia ni kwamba kila joto likiongezeka nyuzi 10, kasi ya kuharibika hukaribia kuwa maradufu. Kutoka nyuzi 80 hadi 110 ni hatua tatu: mbili mara mbili mara mbili, yaani mara 8. Oili ambayo ingedumu kilomita 80,000 kwenye matumizi mepesi inachakaa kama kwa kilomita 10,000. Ndiyo maana jirani yako anayeendesha lami tupu na wewe unayehangaika na tope la masika hamwezi kubadilisha oili kwa ratiba moja, hata kama magari yenu ni mapacha. Na ndiyo maana ukipanda mlima na mzigo ni vizuri kushusha mkono wa gia kwenye 2 au L, ili giaboksi isiwe inahangaika kupanda na kushuka gia kila kona.

"Eti ukibadilisha oili, gia inakufa"

Hii umeisikia. Kuna punje ya ukweli ndani yake, ila sababu inayotajwa siyo. Mara nyingi mtu hukumbuka oili pale gia inapoanza kuteleza: injini inanguruma, gari haliendi. Wakati huo sahani za klachi zimeshalika. Unga wake unaelea ndani ya oili, na pengine huo unga ndio unaosaidia kidogo kushika. Ukiweka oili safi, msaada huo unaondoka. Oili mpya haikuua. Imefichua ugonjwa uliokuwapo.

Hatari ya kweli ni kusukuma oili kwa mashine yenye presha kwenye giaboksi iliyokaa miaka mingi bila kuguswa. Uchafu uliotulia chini unaweza kung'oka na kwenda kuziba vijia vya valvu bodi. Kumwaga na kujaza kwa awamu ni kwa upole zaidi, na nyumbani kunawezekana.

Kabla ya yote, chomoa kijiti cha kupimia oili na udondoshe matone kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyekundu au kahawia bila harufu mbaya, endelea. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, na gia zinateleza, nenda kwa fundi wa otomatiki kwanza. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, ama kutoka kwenye rejeta iliyotoboka kwa ndani ama kwa kuvuka mto. Hilo haliishi kwa kubadilisha oili tu. Tafuta maji yalikopita, kwa sababu maji huachanisha gundi ya sahani za klachi.

Namna ya kufanya

1. Jua aina ya oili. Soma kitabu cha gari au maandishi kwenye kijiti. Kwa Toyota, kwa mfano, utakuta T-IV au WS, na siyo kitu kimoja. "Zote ni haidroliki" siyo jibu; duka halina iliyoandikwa, tafuta duka lingine.

2. Tafuta sehemu tambarare na ngumu. Weka mawe kwenye matairi, vuta breki ya mkono. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Tumia stendi za chuma juu ya ubao mpana ili zisizame. Pikapu nyingi ziko juu kiasi kwamba unaweza kufanya kazi bila kuinyanyua kabisa.

3. Oili iwe vuguvugu, isiwe ya moto. Ya moto inaunguza ngozi kweli.

4. Fungua nati, kinga kwenye beseni safi, subiri hadi iishe kudondoka. Kisha ipime kwa chupa za maji za lita moja na nusu. Hapa kuna mtego: oili hutanuka ikipata joto. Lita 4 zikitofautiana joto kwa nyuzi 60 hupishana kwa karibu robo lita kasoro kidogo. Kwa hiyo iache ipoe kwanza, ndipo upime na kurudishia kiasi hichohicho.

5. Mara ya kwanza, shusha na sampo, lile beseni la chuma la chini. Ndani utakuta sumaku. Ikiwa imeshika uji laini wa kijivu, hiyo ni hali ya kawaida ya uzee. Ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kidole, simama hapo. Giaboksi inahitaji kufunguliwa. Safisha sumaku, badilisha filta na gasketi, na ufunge boliti kwa kupishanisha pande, bila kuzikaza kupita kiasi. Nyuzi za alumini zikichubuka utajuta.

6. Jaza kwa faneli kupitia tundu la kijiti. Washa gari, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia P, R, N, D polepole, ukitulia kidogo kila mahali. Pima tena oili ikiwa na joto. Kwa Toyota nyingi unapima injini ikiwa inaunguruma kwenye P, ila aina nyingine zina utaratibu wake, kwa hiyo fuata kitabu.

Kama giaboksi yako haina kijiti, kazi hii mwachie fundi mwenye kifaa cha kusoma joto la oili. Hizo hupimwa kwa nati ya ubavuni, kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji, na kukosea ni rahisi.

Turudi kwenye hesabu

Umemaliza awamu ya kwanza: oili mpya asilimia 40. Endesha gari kwa siku kadhaa. Korogwe hadi Handeni kwa lami ni kilomita zipatazo 65, kwa hiyo kwenda na kurudi mara moja tu kunatosha kuchanganya kila kitu. Kisha mwaga tena lita 4. Kila awamu inabakiza asilimia 60 ya uchakavu uliokuwapo:

- Awamu ya 1: chakavu 60%, mpya 40%
- Awamu ya 2: chakavu 36%, mpya 64%
- Awamu ya 3: chakavu 22%, mpya 78%
- Awamu ya 4: chakavu 13%, mpya 87%

Angalia faida inavyopungua. Awamu ya pili imekupa asilimia 24, ya tatu 14, ya nne 9, na kila moja imekula lita 4 zilezile. Kwa wengi, tatu zinatosha. Kama mfuko hauruhusu, fanya moja sasa na nyingine kila unapobadilisha oili ya injini. Giaboksi yako ikiwa na vipimo vingine, chukua kiasi kilichobaki ndani, gawanya kwa jumla, halafu zidisha kwa chenyewe mara ya idadi ya awamu.

Wapo wanaochomoa mpira unaorudi kutoka kwenye kipoozeo na kuiacha pampu ya gari itoe oili yenyewe huku wakijaza juu. Inatoa oili nyingi zaidi, lakini pampu ni ya haraka kuliko mkono wako. Ikikauka hata muda mfupi, inajila. Anayefanya hivyo awe na msaidizi kwenye swichi, wazime kila ikitoka lita moja, wajaze, ndipo waendelee.

Na zile lita 12 chakavu?

Maji ya bomba kuu la HTM yanayopelekwa Handeni yanachotwa kwenye mto Pangani, upande wa Korogwe. Mtaro unaoelekea mtoni Korogwe, kwa namna fulani, ni sehemu ya jikoni kwa mtu wa Handeni.

Lita moja ya oili ikitandazwa juu ya maji kwa unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita hufunika mita za mraba 1,000. Lita 12 ni mita za mraba 12,000, zaidi ya kiwanja kimoja na nusu cha mpira. Na oili chakavu ina unga wa metali na masalia ya kuungua ndani yake. Kuipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa ni kuiahirisha tu. Mvua ikinyesha inashuka ardhini.

Kwa hiyo irudishe kwenye yale makopo ya oili mpya, funga vizuri, andika "CHAKAVU" kwa maandishi makubwa ili mtoto asidhani ni juisi, na uipeleke gereji inayouzia wakusanyaji wenye kibali. Usiichanganye na petroli wala maji, maana ikichanganyika hawaipokei.

Mwisho, chukua kalamu, andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ndani ya boneti. Atakayeinunua pikapu hiyo baada yako atajua anaanzia wapi, na wewe hutabaki kubahatisha ilikuwa masika ya mwaka gani.