Kutoka Tokyo mpaka Nagasaki

Jina la Japani tunalijua sote kwa sababu ya motokari na pikipiki zipitazo katika njia zetu. Lakini nchi yenyewe ni wachache waijuao. Leo basi tuitembelee mji kwa mji, toka mashariki kwenda magharibi. Na kabla ya kumaliza safari tutaona kwamba nchi ile ya mbali imefungwa na yetu kwa jambo moja kubwa, tena la huzuni.

Japani ni nchi ya visiwa vitupu. Vilipohesabiwa upya mwaka 2023, vilionekana kuwa 14,125; lakini vilivyo vikubwa ni vinne: Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu. Ukiviweka vyote pamoja, Kongo yetu yavishinda kwa ukubwa zaidi ya mara sita. Hata hivyo wakaaji wake wapita milioni 120, na kwa kuwa milima imejaa kila mahali, watu wamesongamana katika nchi tambarare za pwani.

TOKYO, MJI ULIOFUFUKA MARA MBILI

Zamani mji huu uliitwa Edo. Mwaka 1868 ulipewa jina la Tokyo, maana yake Mji Mkuu wa Mashariki. Katikati yake lipo jumba la mfalme, limezungukwa na kuta za mawe na mifereji mipana ya maji. Mgeni apitaye leo kati ya nyumba ndefu za mji huu hawezi kusadiki kwamba uliangamia mara mbili katika muda usiotimia miaka 22. Tarehe 1 Septemba 1923 nchi ilitetemeka wakati wa adhuhuri, watu wakiwa mekoni wakipika. Moto ukatapakaa, na zaidi ya watu 100,000 wakafa katika Tokyo na miji ya jirani. Tena usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, ndege za vita za Marekani zilimwaga mabomu ya moto, na usiku ule mmoja ukaua watu wapata 100,000.

Wenyeji wakajenga upya. Mwaka 1958 walisimamisha mnara wa chuma wenye urefu wa metre 333, na mwaka 2012 mwingine wa metre 634. Katika mtaa wa Asakusa, hekalu kubwa la Wabudha lililoteketea mwaka 1945 lilijengwa upya, na kila siku mlango wake hujaa watu wanaopita chini ya taa kubwa nyekundu.

Tupande sasa gari moshi, ingawa halina moshi, maana huendeshwa kwa nguvu za umeme. Treni hizi za mbio ziitwazo Shinkansen zilianza kazi tarehe 1 Oktoba 1964. Zilikimbia kilometre 210 kwa saa, na leo katika njia hii hufikia 285. Tangu siku ile hakuna msafiri hata mmoja aliyekufa kwa treni hizi kugongana au kuacha reli. Mbingu ikiwa safi, tazama upande wa kuume: ule ni mlima Fuji, metre 3,776, umevaa theluji kichwani kama mzee mwenye mvi.

KYOTO NA NARA, MIJI YA WAZEE

Baada ya saa mbili na kitu twafika Kyoto. Hapa wafalme walikaa tangu mwaka 794 mpaka 1868. Mahekalu yake ni mengi mno. Mashuhuri kuliko yote ni lile lililofunikwa kwa dhahabu, ambalo hujitazama katika ziwa dogo kama katika kioo. Lilichomwa moto mwaka 1950 na kijana mmoja aliyekuwa akisomea utawa palepale. Mwaka 1955 likasimama tena.

Mji huu una habari moja ya kutupendeza sisi Waafrika. Mwaka 1581 Padri Alessandro Valignano, Mjezuiti, alifika hapa pamoja na mtumishi wake mweusi, ambaye Wajapani walimwita Yasuke. Watu walikuwa hawajaona mtu wa rangi ile. Wakajazana mlangoni pa mapadri hata wengine wakaumia. Mkuu wa vita Oda Nobunaga hakusadiki. Akaamuru aoshwe, akidhani amepakwa wino. Rangi ilipokataa kutoka, mkuu yule alimpenda, akamweka katika watu wake na kumpa nyumba na upanga.

Karibu na Kyoto upo mji wa Nara, uliokuwa makao ya wafalme tangu mwaka 710. Humo mna sanamu ya Budha ya shaba iliyotolewa wakfu mwaka 752, kimo chake kama metre 15. Nje ya hekalu paa zaidi ya elfu hutembea huru kati ya watu, nao huwafuata wageni wakidai chakula.

Lakini mbona Kyoto ina mahekalu ya kale, na Tokyo karibu haina? Mwaka 1945 Wamarekani walipochagua miji ya kupigwa kwa bomu jipya, Kyoto ilikuwa katika orodha. Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani, aliwahi kuitembelea zamani. Akalifuta jina lake. Hivyo neno la mtu mmoja liliokoa mji mzima, na msiba ukaenda kwingine.

HIROSHIMA

Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu moja lilipasuka juu ya Hiroshima. Mpaka mwisho wa mwaka ule watu wapata 140,000 walikuwa wamekufa, wengine kwa moto, wengine kwa ugonjwa usioonekana ulioingia mwilini. Leo mji ni mzuri, una mito na miti, na magari ya tramu hupita barabarani. Baada ya bomu yalianza tena kutembea siku ya tatu tu. Kando ya mto limeachwa jengo moja lililobomoka, kuba lake likiwa mifupa ya chuma mitupu. Hawakulijenga upya kusudi watu wasisahau. Karibu nalo ipo sanamu ya ukumbusho wa Sadako Sasaki, msichana aliyekuwa na umri wa miaka miwili siku ile, akafa kwa ugonjwa wa damu mwaka 1955. Alipokuwa hospitalini alikunja korongo wa karatasi akitumaini kupona. Watoto wa shule wa nchi nyingi hupeleka hapo korongo wao.

Hapa ndipo msomaji wa Kongo asimame kidogo. Sehemu kubwa ya uraniumu iliyotumika katika kazi ile ya kutengeneza mabomu ya atomi ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga. Kampuni ya madini ilikuwa imepeleka New York zaidi ya tani elfu moja tangu mwaka 1940. Wachimbaji wetu hawakuambiwa kazi ya jiwe lile. Walilichimba na kulibeba, nalo likavuka bahari mbili.

NAGASAKI

Treni yapita chini ya bahari na kutokea katika kisiwa cha Kyushu, kituo cha Kokura. Mji huu ndio uliokusudiwa kupigwa tarehe 9 Agosti 1945. Ndege ilipita juu yake mara tatu, lakini mawingu na moshi viliuficha. Ikageuka kwenda Nagasaki. Saa tano na dakika mbili bomu lilipasuka juu ya bonde la Urakami.

Nalo bonde lile lilikuwa kitovu cha Wakatoliki wa Japani. Mtakatifu Fransisko Xaveri alileta Injili mwaka 1549. Tarehe 5 Februari 1597 wakristu 26 waliangikwa msalabani juu ya kilima cha Nishizaka, ambapo leo upo ukumbusho wao. Kati yao alikuwamo Ludoviko Ibaraki, mtoto wa miaka 12. Mwaka 1614 dini ilikatazwa katika nchi yote, na mapadri wakafukuzwa au wakauawa. Kwa miaka mia mbili na zaidi hapakuwa na Misa. Baba na mama waliwafundisha watoto sala kwa siri, na mtu mmoja kijijini alibatiza. Kila mwaka walilazimishwa kukanyaga picha takatifu mbele ya mkuu wa kijiji.

Tarehe 17 Machi 1865 watu wapata kumi na watano wa Urakami waliingia katika kanisa jipya la Oura, ambalo mgeni aweza kuliona hata leo. Mwanamke mmoja alimnong'oneza Padri Bernard Petitjean kwamba moyo wao ni mmoja na wake, akauliza sanamu ya Bikira Maria iko wapi. Serikali ilipojua, iliwahamisha watu zaidi ya 3,000 wa bonde lile, na mamia walifia ugenini. Waliporudi mwaka 1873 walikuwa maskini kabisa. Lakini walinunua kiwanja cha yule mkuu wa kijiji, hapohapo walipolazimishwa kukanyaga, wakajenga kanisa kubwa.

Bomu lilipasuka kama metre 500 kutoka kanisa lile. Mapadri na watu waliokuwa wakiungama walikufa papo hapo. Katika Nagasaki yote watu wapata 74,000 walikufa kabla ya mwaka kwisha. Kengele moja ilichimbuliwa nzima katika kifusi, ikapigwa usiku wa Noeli mwaka uleule. Kanisa lilijengwa upya mwaka 1959. Nafasi ya kengele ya pili ilibaki tupu mpaka Wakatoliki wa Marekani walipotoa nyingine. Na tarehe 9 Agosti 2025, saa tano na dakika mbili, kengele zote mbili zililia pamoja, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 80.

Watoto wa wale waliopiga wamewapa kengele watoto wa wale waliopigwa. Nasi tuliotoa jiwe, tutoe nini? Wazazi na waalimu, tuwaeleze watoto wetu habari za Shinkolobwe pamoja na habari za Urakami, wajue jiwe lililotoka katika udongo wao lilikwenda wapi na lilifanya nini. Na kila lichimbwapo jiwe jipya katika nchi yetu, wawe na ujasiri wa kuuliza: linakwenda kufanya kazi gani?