Mbwa Hajui Njia: Mwendo wa Mtu Asiyeona Kisiwani Bumbire

Aliyewahi kutazama filamu za Ulaya au Marekani huenda amemwona mbwa mkubwa, mtulivu, aliyevishwa mkanda wenye mpini mgumu mgongoni, akimvusha mtu asiyeona barabara yenye magari mengi. Picha hiyo huvutia, na si ajabu mgonjwa aliyeambiwa kwamba macho yake hayatarudi kuuliza iwapo mnyama wa namna hiyo anaweza kupatikana hapa kwetu. Kwa mkazi wa Bumbire, katika visiwa vya Muleba, jibu fupi ni kwamba hawezi. Jibu refu lina manufaa zaidi, kwa maana kazi anayoifanya mbwa huyo, ikichambuliwa sehemu baada ya sehemu, inatuonyesha ni nini hasa humwezesha mtu asiyeona kutembea peke yake, na ni kwa nini wengi wetu tunamkalisha barazani ilhali miguu yake ni mizima.

Mbwa wa kuongoza walianza kufundishwa kwa utaratibu wa shule mwaka 1916 mjini Oldenburg, Ujerumani, wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikirudisha nyumbani askari wengi waliopofuka, baadhi yao kwa gesi ya sumu. Novemba 1927, Mmarekani Dorothy Harrison Eustis, aliyekuwa akiishi Uswisi, alichapisha makala kuhusu kazi hiyo aliyoiona Ujerumani. Makala hayo yalisomwa mbele ya kijana mmoja wa mji wa Nashville, Morris Frank, ambaye alikuwa haoni. Ili aweze kutoka nje, Frank alikuwa akimlipa mvulana amshike mkono. Naye mvulana huyo alikuwa akichoka upesi na kumwacha. Frank akaandika barua Uswisi, mwaka 1928 akasafiri kwenda huko, akarudi na mbwa jike aliyeitwa Buddy, na mwaka 1929 shule ya The Seeing Eye ikaanzishwa Marekani. Uingereza ilifuata mwaka 1931, na Afrika Kusini mwaka 1953. Nimemtaja yule mvulana wa kulipwa kwa makusudi, na nitarudi kwake.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: mbwa hajui njia. Hajui duka liko wapi, wala hasomi taa za barabarani. Anayejua njia ni mtu. Yeye ndiye anayesikiliza mwendo wa magari, anayehesabu vichochoro, na anayetoa amri ya kwenda mbele, kushoto au kulia. Kazi ya mbwa ni kukwepa vikwazo, kusimama kwenye ngazi na ukingo, na kukataa amri pale ambapo kuitii kungemfikisha bwana wake kwenye hatari. Huku kukataa ndiko kugumu kufundisha. Mbwa hulelewa katika familia kwa muda wa mwaka mmoja hivi, kisha hufunzwa kwa miezi kadhaa na mwalimu, kisha hukutanishwa na mtu atakayeishi naye, na wote wawili hufunzwa tena pamoja. Shule hizo, kwa kawaida, hazimpokei mtu asiyeweza kutembea mwenyewe njia kadhaa anazozijua. Kwa maneno mengine, mbwa hupewa mtu ambaye tayari amejifunza kujitegemea.

Gharama ya kumlea na kumfunza mmoja tu hufikia makumi ya maelfu ya dola. Zaidi ya hayo, anahitaji chakula kizuri, daktari wa mifugo aliye karibu, na vijiji visivyo na mbwa wa kuzurura wanaoweza kumshambulia au kumwambukiza kichaa cha mbwa. Wapo pia watakaokumbusha hukumu ya mate ya mbwa kwa Mwislamu anayeswali. Jambo hilo lina mjadala wake, na mwaka 2008 msikiti mmoja mjini Leicester, Uingereza, ulimruhusu kijana asiyeona aingie na mbwa wake katika eneo la msikiti, ingawa si mahali pa sala penyewe. Hata hivyo, si dini iliyotukosesha mbwa hawa. Hata katika nchi tajiri, watu wengi wasioona hawana mbwa. Wanatembea kwa fimbo.

Nani basi anayefanya kazi ya mbwa katika vijiji vyetu? Ni mtoto. Yeyote aliyefanya kazi katika zahanati za Afrika Mashariki amewaona: mzee ameshika ncha moja ya kijiti, na mjukuu wa miaka minane au tisa ameshika ncha nyingine. Tunawasifu watoto hawa kwa adabu yao, na sifa hiyo wanastahili. Lakini siku ya shule ni siku ya shule. Mtoto anayempeleka babu mwaloni asubuhi na kumrudisha jioni hakuwa darasani. Tena mtoto huyo, kama yule mvulana wa Nashville, huchoka, hucheza, huona kipepeo. Hajafundishwa namna ya kuongoza mtu, na hakuna anayefikiri kwamba jambo hilo linafundishwa.

Linafundishwa. Ushahidi mzuri uko nchi jirani. Mkenya Henry Wanyoike alikuwa kijana mkimbiaji alipopatwa na kiharusi mwaka 1995 na kupoteza karibu uwezo wake wote wa kuona kwa usiku mmoja. Alipitia kipindi kirefu cha kukata tamaa. Baadaye alifika katika huduma ya uoni hafifu ya hospitali ya macho ya Kikuyu, na huko Machakos, katika taasisi ya ufundi ya wasioona, akajifunza kufuma sweta kwa mashine. Akarudia kukimbia, safari hii akiwa na mwongozaji waliyeunganishwa naye kwa kamba fupi mkononi. Katika mashindano ya Paralimpiki ya Sydney, mwaka 2000, mwongozaji wake aliishiwa nguvu kabla ya mbio za mita 5,000 kwisha, na Wanyoike, asiyeona, ndiye aliyemvuta hadi kwenye utepe na kupata medali ya dhahabu. Miaka minne baadaye, mjini Athens, alishinda tena. Watu hukumbuka medali. Mimi ningependa mhudumu wa afya akumbuke kilichotangulia: hospitali haikuishia kumwambia kwamba macho yake hayataponywa, bali ilimfungulia mlango mwingine.

Sasa tuje kwenye kuongoza kwenyewe, ambako kosa la kawaida ni kumshika mtu asiyeona mkono na kumsukuma mbele kama toroli. Anayesukumwa hutangulia kwenye hatari kabla ya anayeona. Utaratibu sahihi ni kinyume chake: asiyeona ndiye anayemshika mwongozaji, juu kidogo ya kiwiko, naye hutembea nusu hatua nyuma. Mwili wa mwongozaji ukipanda, yeye hujua kuna kipandio. Ukishuka, hujua kuna mteremko. Njia ikiwa nyembamba, kama zilivyo nyingi kati ya migomba, mwongozaji hupeleka mkono wake nyuma ya mgongo, na mwenzake hufuata nyuma yake moja kwa moja. Penye ngazi husimama na kusema, “tunapanda” au “tunashuka”. Anapoondoka humwaga, asimwache akizungumza na hewa. Haya hujifunzwa mchana mmoja, na yakishajulikana na watu wazima watatu au wanne katika mji, mtoto anarudi shule.

Fimbo huhitaji muda zaidi. Rangi nyeupe ilianza na mpiga picha wa Bristol, James Biggs, aliyepofuka kwa ajali na mwaka 1921 akapaka bakora yake rangi hiyo ili madereva wamwone. Lakini bakora yake ilikuwa ya kuonekana tu. Fimbo ndefu ya kupapasia njia ilitokana na kazi ya Richard Hoover, aliyewafunza askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Pili kwenye hospitali ya Valley Forge, Marekani. Urefu wake ni kutoka ardhini hadi kwenye mfupa wa kidari wa mwenyewe. Mkono hukaa katikati ya mwili, mbele ya kitovu, na ncha huchora upinde mpana kidogo kuliko mabega. Mguu wa kushoto ukienda mbele, ncha iwe kulia; wa kulia ukienda mbele, ncha iwe kushoto, ili kila mara fimbo iwe imepima mahali mguu utakapokanyaga hatua ifuatayo. Mwanzi mwepesi ulionyooka na kupakwa rangi nyeupe unatosha kuanzia, iwapo fimbo ya kiwandani haijapatikana.

Udhaifu wa fimbo ni kwamba haioni kilicho juu ya kiuno. Mbwa angekwepa tawi; fimbo hupita chini yake. Mwaloni vikwazo vya namna hiyo ni vingi: nyavu zilizotundikwa, ukingo wa kichanja cha dagaa, pua ya mtumbwi uliovutwa nchi kavu, kamba ya kuanikia nguo. Afundishwe kuinua mkono mmoja mbele ya uso, kiganja kikitazama nje, anapopita mahali asipopaamini. Nao majirani waombwe kuacha njia moja, moja tu, isiyowekewa kitu kuanzia nyumba hadi mwaloni. Kutoka nyumbani hadi chooni na mahali pa kuchotea maji, kamba iliyofungwa usawa wa nyonga hufanya kazi vizuri kuliko maelezo mengi.

Kisiwa, licha ya miamba na miteremko yake, kina fadhila ambazo jiji halina. Magari ni machache. Ziwa lina sauti, na sauti hiyo iko upande mmoja daima. Katika siku tulivu, upepo wa mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, na wa usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Anayehisi upepo shavuni ana dira. Harufu ya dagaa wanaokauka humwambia kwamba amekaribia mwalo, na nyayo zake humwambia alipoacha udongo wa njia na kuingia kwenye mchanga. Mvuvi wa miaka 30 aliyepoteza kuona ana ramani ya Bumbire kichwani tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye wiki chache na kumwonyesha namna ya kuisoma kwa miguu, masikio na ngozi.

Kabla ya hayo yote kuna wajibu wa kitabibu usiorukwa. Wengi wanaoitwa vipofu vijijini wana mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji. Ni aibu kwetu sote mtu kupewa fimbo ilhali alistahili upasuaji. Mwanga utazamwe, mboni itazamwe, na mwenye mboni nyeupe apelekwe ng’ambo. Huduma za macho za kibingwa zipo Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi. Safari ianzie hospitali ya wilaya au ya mkoa Bukoba, na daktari wa macho ndiye atakayeamua hatua inayofuata. Mwenye shinikizo la jicho hatarudishiwa alichopoteza, lakini ndugu zake wa damu wapimwe, kwa kuwa ugonjwa huo hufuata ukoo na huiba uoni kimyakimya. Tena “haoni” si neno moja. Shirika la Afya Duniani humhesabu kuwa kipofu mtu ambaye jicho lake lililo bora halifikii 3/60, na wengi wa hao bado wanaona mwanga, kivuli, au tofauti ya nyeupe na nyeusi. Kwa mtu kama huyo, mstari wa chokaa kwenye ukingo wa kizingiti ni msaada mkubwa. Vivyo hivyo kwa watoto wenye ualbino, ambao wana uoni hafifu na huhitaji kukaa mbele darasani, pamoja na kofia na kivuli.

Kazi huja baada ya mwendo. Kushona nyavu ni kazi ya vidole kuliko macho, na aliyeifanya ujanani huirudia haraka kuliko anavyodhani. Mtoto asiyeona ana shule: Mugeza Mseto, Bukoba, huwapokea wanafunzi wenye ulemavu pamoja na wasio na ulemavu, na nukta nundu hufundishwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua, nao Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 unataja waziwazi haki ya kutembea na kusaidiwa na waongozaji. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya watu wenye ulemavu, na Chama cha Wasioona Tanzania kinaweza kueleza njia ya kuiomba. Mgonjwa aliyekaa barazani mwaka mzima hatajua hayo asipoambiwa na mtu aliyemwamini, na mara nyingi mtu huyo ni muuguzi wa zahanati.

Limebaki moja linalowatisha wakazi wa kisiwani kuliko yote, nalo ni kupanda boti. Mwongozaji aingie kwanza, asimame imara, kisha auweke mkono wa mwenzake kwenye ukingo wa boti ili apime kimo chake na mtikisiko wake. Mwenyewe achague wimbi la kupandia. Asibebwe, isipokuwa ameomba. Akishaketi aambiwe injini iko upande gani, nani ameketi kando yake, na vazi la kujiokolea liko wapi, na alivae kabla boti haijaondoka.